Mvua ya Mawe Niliyompelekea Mama Yako

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka mwili hunisisimka. Juzi uliponipigia simu kutoka Membley, ukaniambia mimba yako inadai barafu na kwamba unatafuna ya friji mchana kutwa, ulicheka. Mimi sikucheka. Mama yako alipokuwa na mimba yako alitamani hicho hicho, na mimi ndiye niliyempelekea.

Hatukuwa na friji wakati huo. Tulipanga chumba kimoja Mugutha, nami nilikuwa kibarua wa kupiga dawa ya wadudu kwenye shamba la kahawa. Alasiri moja, siku moja tu baada ya kupiga dawa, mvua ya mawe ikaanguka, ikachana majani na kulala nyeupe chini ya mibuni. Nikajiona mume hodari. Nilijaza kikopo changu, nikakimbia nacho nyumbani, nikampa Nyambura, mama yako, kisha nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Pale stoo nikajigamba kwa Mama Karanja, mama mtu mzima aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara ya shamba. Hakutabasamu.

"Umeokota wapi?"

"Chini ya kahawa, pale tulipiga dawa jana."

"Wewe kijana. Hiyo barafu imekwaruza dawa kwa majani, na dawa haiingii ndani yake, inakaa huku nje. Ikianza kuyeyuka, yale maji ya kwanza ndiyo yanabeba dawa mingi. Ameshaanza kukula?"

Nilikimbia hadi nikasikia ladha ya damu kooni. Nilikuta kikopo kitupu. Mawe yalikuwa yameanza kuyeyuka njiani, kwa hiyo mama yako alikunywa yale maji kwanza, kisha akatafuna yaliyobaki. Akaniuliza mbona nahema hivyo. Nikamwambia nimekimbia mvua.

Naam, nilidanganya. Kabla jua halijazama alianza kutapika, jasho likimtoka na mate yakimjaa mdomoni. Nilimpeleka zahanati nikitetemeka kuliko yeye. Nesi alimuuliza amekula nini, akajibu ni githeri tu. Nesi akanigeukia mimi.

"Hakuna kitu ingine?"

Nikanyamaza. Niliogopa kuitwa muuaji, niliogopa polisi, na zaidi niliogopa macho ya mama yako. Nesi akaandika malaria, nami nikamtazama akiandika.

Mama Karanja alitufuata huko akiwa amelowa. Akaniita nje.

"Umewaambia?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Kwa hivyo mtoto akufe ndio wewe ubaki na heshima? Ingia useme."

Akanitia mkononi lebo aliyoibandua kwenye mkebe wa dawa. Niliingia, nikasema yote mbele ya mama yako. Nesi aliifuta ile malaria, akasoma jina la dawa, akamwita daktari kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Walihangaika naye siku mbili. Mimi nilikaa kwenye benchi, sikuomba hata msamaha, niliomba tu ucheze tumboni. Siku ya tatu ukacheza. Hata hivyo hofu haikwisha. Ulipozaliwa nilikuhesabu vidole mara tatu, na hadi leo ukipatwa na homa mimi hulala vibaya.

Mama yako alinisamehe kwa dhati, na tumeishi vizuri. Lakini mpaka leo nikimpa kikombe, hutazama ndani kwanza kabla ya kunywa. Sidhani hata anajua kwamba anafanya hivyo.

Basi sikia, mwanangu. Kitu kuwa cheupe na baridi hakumaanishi ni safi, kwa hiyo uliza maji ya barafu yako yametoka wapi na chombo kilibeba nini kabla. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: siku utakapomdhuru unayempenda, na hiyo siku huja kwa kila mtu, usimwachie nesi akisie. Sema upesi, sema huku unatetemeka, sema hata kama watakuchukia. Mimi nilinyamaza muda mfupi tu, na muda huo ulitosha kabisa kukuua wewe.

Mungu akufunike wewe na huyo uliyembeba. Ujifungue salama, alie kwa nguvu, na mumeo asiwe na jambo la kukuficha.