Upande Mmoja wa Uso

Mkalimani alidhani mtawa yule mgeni ana maringo, kwa kuwa kila alipofokewa mazoezini aligeuza uso, akamwachia mfokaji upande wa kulia tu. Uchaguzi ulikaribia, na mtawa alikuwa akiwafundisha vijana wa kanisa kusimama kati ya makundi mawili bila kuinua mkono. Msaidizi aliyesafiri na mtawa kutoka kwao, mzee wa mabega mapana, akaigiza mhuni, akamjia na rungu. Mtawa akakunjua viganja.

"Kaka, umechoka. Kaa unywe maji."

"Sista, mhuni wa kweli hanywi maji!" kijana mmoja akadakia.

"Huyu hunywa," akajibu, akimmiminia.

Wote wakacheka isipokuwa mzee. Yeye aliipokea bilauri kwa mikono miwili, macho chini. Kura zilipopita salama ndipo mkalimani alipojua kwamba sikio la kushoto la mtawa halisikii, na kwamba aliyelipasua kwa kofi, wakati wa uchaguzi mmoja huko kwao, ni yule mzee, yule kaka.