Mfalme wa Mabano

Ngli! Kijiko cha chai kimegonga bilauri ya boza, kile kinywaji chetu kizito cha nafaka, mara moja tu. Hiyo ndiyo sauti ninayomkumbuka nayo Evstati Mladenov. Akishagonga hukaa wima, hupitisha macho mezani kama hakimu aliyekatizwa usingizi, kisha husema, "Tunaanza." Hapo tuko watu watatu, na mmoja wetu anatafuna keki.

Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika duka la vitamu karibu na mto, hapa mjini Vidin. Kazi yetu, isiyo na malipo wala shukrani, ni kuandika ensaiklopidia ya mtandaoni katika lugha yetu. Mimi nilifundisha jiografia, kwa hiyo naandika mito, na vijiji vilivyobakiwa na vikongwe wanne na mbuzi. Zapryan, daktari wa meno, anaandika ndege. Evstati alijitwalia televisheni. Hakuna aliyempa. Aliikalia kama kuku anavyokalia yai la bata.

Na alikuwa nani katika televisheni, huyu? Karani. Miaka thelathini na mmoja alipiga chapa ratiba ya vipindi kwa ajili ya gazeti la mkoa. Karatasi ilikuja kutoka kituoni, akainakili, akaipeleka kwa mhariri, akarudi nyumbani kula maharage. Hakuwahi kubeba hata waya wa kamera. Lakini ukimsikiliza ungedhani televisheni ilizaliwa mapajani mwake, akaikata kitovu mwenyewe.

Sitasema uongo: majina ya makala zile yalikuwa vurugu. Tamthilia moja ilikuwa na mwaka kwenye mabano, nyingine ilikuwa na neno "kipindi", ya tatu ilisimama uchi. Nyumba chafu inahitaji ufagio. Haihitaji mtu wa kuhamia na ufagio wake, akalala nao kitanda kimoja.

Yeye alilala nao. Aliandika mistari mia nne kuhusu kama ndani ya mabano aina ya kipindi itangulie mwaka au mwaka utangulie aina. Mtu mmoja wa Plovdiv, mpole, mjuzi wa vichekesho vya zamani, alithubutu kumpinga. Evstati alimwita mpumbavu kwa njia kumi na saba tofauti, zote za heshima, mpaka yule bwana akahama kabisa, akaenda kuandika uyoga. Wenzake kama arobaini waliumizwa hivyo hivyo. Zapryan akampachika jina Mfalme wa Mabano, naye, maskini wa Mungu, akadhani anasifiwa.

"Mfalme, leo tunafunga mabano au tunafungua?"

"Daktari, wewe kang'oe meno. Hapa tunajadili kanuni."

"Hata meno yana kanuni, mzee. Likioza, linatoka."

Kwetu ensaiklopidiani kuna desturi moja: pendekezo likikaa siku saba bila mtu kupinga, limepita. Ni kama zamani, bibi harusi akinyamaza amekubali. Evstati aliijua desturi hiyo kuliko sala zake. Akabandika kanuni zake za majina Jumatatu ya wiki ya Pasaka, wakati nchi nzima inapaka mayai rangi nyekundu na kusafiri kwenda kwa mama. Mimi nilikuwa kijijini kwa dada yangu, kichwa ndani ya tanuri la mkate. Siku saba zikaisha. Nchi ikanyamaza. Bibi harusi akaolewa.

Kwa siku tisa alibadilisha majina mia nne na kumi na mawili. Kanuni ilisema: jina la makala ni lile lililochapishwa kwenye ratiba ya siku zile, basi. Majina ya mitaani hayatakiwi. Kifungu cha nne kiliongeza, kwa herufi ndogo, kwamba jina la mitaani litakubaliwa iwapo litaonekana limechapishwa japo mara moja kipindi kikiwa bado kinarushwa. Tulikicheka kifungu hicho. Nani angechapisha jina la mitaani kwenye gazeti la miaka ile ya chama kimoja, atafute balaa?

Ndivyo alivyozikwa Mzee Kijiko.

Hakuna mtu wa umri wangu asiyemjua Mzee Kijiko. Ni kikaragosi cha televisheni, mwiko wa kupikia uliochorwa masharubu, ukavikwa kofia ya manyoya, ukawa unawakemea watoto wasiotaka kula supu. Kwenye ratiba aliitwa "Malezi ya Watoto wa Chekechea, Sehemu ya Pili". Evstati akampa jina hilo, na mabano yake, na mwaka wake. Hata ile njia ya mkato iliyokuwa ikimtoa msomaji kwenye jina la zamani na kumpeleka kwenye jipya aliifuta, eti inachafua orodha.

Mkutano wa Septemba, mlango wa duka ukafunguliwa, akaingia Iskra Tonkova. Ana miaka sabini na tisa na anatembea kama anayeidai dunia nzima jibu. Mkono uliomshika Mzee Kijiko miaka kumi na mmoja ulikuwa wake. Sauti pia.

Hakusalimu. Aliweka barua mezani, juu ya keki ya Zapryan.

"Evstati. Soma."

Akasoma. Barua ilitoka ghala la kanda za zamani za televisheni. Kanda zinaoza, fedha ni kidogo, zitanakiliwa zile tu zenye makala kwenye ensaiklopidia. Wanalinganisha jina la kwenye boksi na jina la makala. Lisilofanana linatupwa tarehe kumi na tano Oktoba. Ujinga uliopigwa muhuri. Na juu ya maboksi ya Iskra mafundi walikuwa wameandika kwa kalamu nene, jinsi kila mtu alivyosema: Mzee Kijiko.

"Niliwapigia simu," Iskra akasema. "Binti mmoja akaniambia, mama, kitu hicho hakipo. Nimemwambia kipo, nimekishika. Akasema kwenye orodha hakipo."

"Kipo," Evstati akajibu, bila kuinua macho. "Kiko kwenye jina lake halali."

"Halali! Weee karani, hivi mtoto gani alimlilia mama yake aoneshwe Malezi ya Watoto wa Chekechea Sehemu ya Pili?"

"Kanuni ni kanuni, Iskra. Nikikufungulia wewe, kesho watakuja wote."

"Waje! Si waje! Wako wapi? Wamekufa wote, nimebaki mimi na kijiko."

Nilimwambia Evstati arudishe jina. Zapryan alimwambia vilevile, kwa matusi. Yeye akanyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja na kutukumbusha kwamba bila ushahidi wa kifungu cha nne hawezi, na kwamba yeye si mtu wa kupendelea. Akavimba kama chura aliyesifiwa na mvua. Iskra alichukua barua yake, akapangusa krimu, akatoka. Mwezi mzima ule sikumpigia Evstati simu. Nilimdharau kwa raha kabisa, kama mtu anavyokuna upele.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ilikuwa tarehe saba. Evstati alikuwa amefika kabla yetu. Boza yake haijaguswa, kijiko kiko juu ya meza. Hakugonga. Alitoa kwenye mfuko wa koti bahasha ya kahawia, na ndani ya bahasha kipande cha gazeti, cha manjano kama jino la mvuta sigara.

Ilikuwa ratiba ya Jumapili moja ya Machi, mwaka 1976. Habari za kilimo. Mpira. Na saa kumi jioni, kwa herufi zile zile za serikali: Mzee Kijiko.

Zapryan akaacha kutafuna. "Nani alithubutu kuichapisha hii?"

"Mimi."

Akaeleza kwa ufupi, kama anayesoma risiti. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Iskra. Alitaka Iskra aamke, afungue gazeti, acheke. Iskra hakusoma gazeti. Mwaka ule ule aliolewa na mpiga tarumbeta. Mhariri ndiye aliyesoma. Evstati aliitwa mbele ya wafanyakazi wote, akasimamishwa, akasomewa kosa lake kwa sauti, na kwa miaka sita kila ratiba aliyoipiga ilikaguliwa na mtu mwingine.

"Toka siku hiyo sijakosea jina hata moja," akasema.

"Na ulikuwa na karatasi hii Septemba," nikamwambia. "Mwanamke kasimama hapa anakupigia kelele, na wewe unayo nyumbani."

"Ninayo tangu siku ile."

Nilitaka kumhurumia, nikashindwa. Mtu aliyeaibishwa na ratiba, akageuka akatuaibisha sote kwa ratiba! Sasa alikuwa amebandika pendekezo lake asubuhi ile saa mbili: makala irudishiwe jina la Mzee Kijiko, kwa kifungu cha nne. Siku saba zingeisha tarehe kumi na nne, siku moja kabla ya ghala kutupa. Akipinga mtu mmoja tu, majadiliano yangeanza upya, na kanda ingekwenda jalalani huku watu wakijadili. Wa kupinga walikuwapo: arobaini aliowatukana, na yule wa uyoga, ambaye alikuwa na haki ya kulipiza mpaka kiyama.

"Badilisha tu sasa hivi," Zapryan akasema. "Mfalme gani wewe?"

"Siwezi. Ni siku saba."

Alikuwa ameifungua simu kwenye ukurasa wa pendekezo, ameiegemeza kwenye bilauri, na kila mara aligusa kioo kuona kama kuna aliyeandika. Hakuna aliyekuwa ameandika. Akakichukua kile kijiko, akakizungusha, akakilaza tena bila kukigonga popote. Kisha akaniinamia, kwa sauti ambayo hata Zapryan, aliyekaa kiti cha pili, hakuisikia.

"Mwalimu," akasema, "waombe wanyamaze."