Nilipompunguzia Baba Yako Ugali

Nakumbuka siku niliyompakulia baba yako ugali wa kumtosha mtoto, na hadi leo nikiikumbuka najikasirikia.

Mwanangu, wewe ulikuwa bado mgongoni. Jiwe lilimgonga baba yako kichwani ndani ya shimo la dhahabu kule Osiri. Hospitali ilipomruhusu, alirudi nyumbani akiyumba kama mtu anayesimama ndani ya mtumbwi. Akioga, analala. Akivaa shati, analala. Mimi natoka shambani na jembe begani, namkuta amelala tu. Kanisani nilifundishwa asiyefanya kazi na asile, basi nikampunguzia. Halafu kila jioni nikamlazimisha kupanda kilima, eti jasho litoe ugonjwa.

Siku ya nne miguu ilimkataa katikati ya barabara. Vijana wa boda wakacheka wakisema amelewa. Niliwatukana mpaka wakawasha pikipiki zao, lakini mwenye makosa nilikuwa mimi.

Dani yako, mama yake baba yako, akaja kutoka Homa Bay na omena yake, dagaa wa ziwani. Akaiangalia sahani ya mwanawe, akaniangalia.

“Nyathina, mtoto wangu, nani amekwambia huyu hafanyi kazi? Ubongo wake unajijenga. Wewe ukijengewa nyumba, unamnyima fundi chakula?”

Nikamjibu vibaya, kwamba fundi wa kulala sijawahi kuona.

“Basi leo umemwona.”

Kesho yake tulimpeleka kliniki. Mama wa mazoezi akasema yale yale: ubongo uliojeruhiwa unakula nguvu nyingi ukijitengeneza. Atembee, ndiyo, tena kila siku, lakini asimame kabla kichwa hakijaanza kumuuma. Tukaanza na kutoka mlangoni hadi chooni. Wiki nyingine, hadi kwa jirani. Kuna siku alirudi nyuma, nikalia, kesho tukatoka tena. Aliyekuja kumwita mvivu nilimwonyesha njia, hata kama ni shemeji. Sasa anafika posho mill, kule tunakosaga unga, peke yake, anapumzika, anarudi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo nisikize, mwanangu: kuna kuchoka kusikotoa jasho. Mgonjwa wa kichwa mpe chakula kamili. Mtembeze kidogo leo, kesho mwongezee hatua, na akisema amechoka, mwamini. Mwenda pole hajikwai, lakini asiachwe kitandani aoze.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mwili mzima, na ukipewa mtu wa polepole, akupe moyo wa kutembea kando yake bila kumsukuma.