Droni Kwenye Ndoo ya Maharage

Mama mkwe wangu alinipigia simu asubuhi kuniambia ameshanitumia droni yangu kwa basi kutoka Kibondo. Mimi nilitangulia Kasulu kumpeleka mtoto kliniki, na mchana huo nilikuwa na sendofu ya kupiga picha, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, kazi yangu ya kwanza bila mwanaume aliyenifundisha kurusha droni. Huku kwetu picha za juu za sherehe wanapiga wanaume. Nikiboronga hii, hakuna wa kuniita tena.

Stendi nikasubiri begi la droni. Kondakta akanishushia ndoo ya maharage.

Nikampigia mama mkwe hapohapo. Akanieleza kwa utulivu ulionitia wazimu: begi zuri kondakta analirusha kwenye buti na wezi wanaliona, lakini ndoo ya maharage nani aitamani? Mayai yake yamefika Kasulu hivyohivyo miaka yote, yamezikwa kwenye maharage, na hayapasuki.

"Na kile kifuniko cha kamera, mama?"

"Nimekivua. Kilikuwa kinambana shingo."

Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo hutakiwi kumwambia mama wa mumeo. Hicho kifuniko cha plastiki nilikihubiri nyumba nzima! Ile shingo inayoshika kamera ni nyembamba, ina mota ndogo ndani, na isipobanwa itapigapiga safari nzima. Yeye alikuwa anaitikia "ego, ego", ndiyo ya Kiha, huku anamenya mihogo.

Vumbi la stendi lilikuwa jingi, sikuthubutu kufungua. Mtoto mgongoni, ndoo kichwani, nikaenda kwa miguu hadi kwenye sherehe, nikiapiza kila nilipojikwaa.

Getini wanawake waliona mama, mtoto na ndoo. Huku ukifika hivyo kwenye shughuli umekuja kupika, huulizwi. Ndoo ikatoka kichwani kwangu.

"Karibu dada, wewe una akili. Wengine wanakuja na midomo tu."

Nilipomaliza kusema mimi ni wa picha, maharage yalikuwa yanamiminwa kwenye ungo. Mmoja akaiinua droni kwa kamera, kama anayeshika kuku shingoni.

"Haya, maharage ya siku hizi yana mabawa."

Wakacheka wote. Nikamnyang'anya.

Harage moja lilikuwa limekwama nyuma ya kamera, pale shingo inapojikunja. Kuwasha hivyo ni kuunguza mota. Nikalitoa kwa kijiti, mtoto ananivuta hereni. Nikapuliza. Nikaigeuza kamera kwa kidole, polepole, kushoto, kulia, haikukwaruza. Nikaiweka juu ya meza, nikawasha.

Kamera ikatikisa kichwa, ikainama, ikabaki inatazama chini. Kisha ikainuka. Kwenye simu, ninapoonea picha ya droni, migomba yote ilikuwa imelalia kushoto. Nikarekebisha, nikarudia tena, picha ikanyooka lakini ikabaki inatetemeka. Mshereheshaji akaniita: binti yuko mlangoni.

Nikairusha juu sana na kuiacha palepale bila kuigeuza, kwa sababu kwa mbali mtetemo hauonekani sana. Sherehe nzima nikaipiga hivyo. Mama wa binti alipoangalia, akaniuliza uso wa mwanawe uko wapi. Nilimwambia ukweli wote, mpaka maharage. Hakucheka. Alisema mdogo wa binti naye anaolewa karibuni, ila watatafuta mtu mwingine.

Jioni mama mkwe akapiga kuuliza kama tulifika salama. Nikamwambia mtoto hajambo.

"Namuuliza yule mwingine."

Nikamwambia naye amefika. Habari za shingo yake sikujua nizianzie wapi, na mpaka leo sijaanza.