Mshona Viti Anayelionea Wivu Gari la Mumewe

Ni saa mbili asubuhi na cherehani bado imefunikwa. Leo kazi ni ya wembe. Mama Sponji ameketi sakafuni, kiti cha nyuma cha gari dogo kimeegemea magoti yake, naye anafumua uzi mwekundu, tundu baada ya tundu.

Anavuta, anakagua, anasonya. Kisha anausogeza mshono karibu na macho na kuutazama kwa muda ambao mtu anayebomoa hauhitaji.

“Huyu mwanamke ana mkono,” anasema hatimaye, bila furaha yoyote. “Ningeukuta umepinda, ningelala vizuri.”

Mama Sponji ni fundi wa kushona viti vya magari. Karakana yake ni chumba kimoja kilichopakana na duka la betri: marobota ya ngozi bandia yamesimamishwa ukutani, harufu ya gundi haitoki hata mlango ukiwa wazi, na vipande vya sponji, vile vilivyompa jina, vimejaa kila kona.

Kiti anachokifumua ni cha gari la mumewe, dereva wa kubeba abiria. Walilinunua pamoja, yeye kwa sindano na mume kwa usukani, baada ya kujibana miaka mingi. Mikono iliyokipamba kiti hicho, hata hivyo, si yake.

“Nilikataa kukishona,” anasema. “Kwa nini nimvalishe mwenzangu nguo mpya, mimi nabaki na kanga ya mwaka juzi?”

Anaposema mwenzangu, anamaanisha gari.

Wivu, anasimulia, ulianza na rimu. Mumewe alirudi jioni moja na magurudumu yanayong'aa, mapana kuliko yale ya awali. Badala ya kuingia ndani alizunguka gari akilipangusa, huku watoto wakimsubiri mezani. Baadaye ikaja ekzosi yenye mngurumo, vioo vya giza, na spika zilizojaza buti hadi abiria wakawa wanapakata mizigo yao. Mwisho alikata springi ili gari likae chini.

“Mimi nikisuka nywele, zinafumuliwa hajaziona,” anasema. “Gari likipata mkwaruzo kama wa kucha, hapati usingizi. Mtaani wananiambia, mama, mumeo ana mtoto mzuri! Wanasifu, mimi nameza mate machungu.”

Mumewe, mtu mpole mwenye kucheka haraka, hakatai. Tunamkuta kituoni akisubiri abiria ndani ya gari la mtu mwingine.

“Ukifika hapa na gari lisilo na mvuto, abiria wanakupita,” anajitetea. “Kulikuwa na mwenzetu alikuja na rimu, kila mtu akamkimbilia yeye. Roho iliniuma, nikasema na mimi nimo. Kumbe nyumbani nilikuwa nawasha moto mwingine.”

Moto huo ulilipuka siku alipotaka viti vyekundu. Mkewe alipogoma, hakubishana. Alikwenda ng'ambo ya mji, kwa fundi mwanamke anayeitwa Dada Uzi, na kurudi na viti vilivyoshonwa mishono miwili miwili, sambamba kama reli.

“Nilifungua mlango, nikanusa gundi ambayo si yangu,” Mama Sponji anakumbuka. “Mume wangu amempelekea mwanamke mwingine kazi ninayoifanya mimi! Afadhali angeniambia hapendi mapishi yangu.”

Kesho yake alifunga karakana na kwenda kumtafuta. Njiani alikuwa amepanga maneno yote. Alimkuta mwanamke wa makamo, mnene kidogo, sauti ya taratibu, ameinama juu ya mashine ya sindano mbili.

“Nilikuja kumtukana,” anasema. “Akaniambia, karibu dada, kaa hapa, kiti hicho hakina mguu. Nikaangalia kazi zake zimepangwa ukutani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ningemkuta ni kisura tu, ningemshinda. Lakini alikuwa fundi.”

Aliondoka bila kusema kilichompeleka. Kwa wiki nzima hakuongea na mumewe zaidi ya salamu.

Halafu mvua ikanyesha.

Mumewe alikuwa amembeba muuguzi anayetoka kazini. Kwenye kona ya mteremko tairi pana lilisugua bodi, kama lilivyokuwa likifanya tangu springi zikatwe, lakini safari hii barabara ilikuwa na maji. Gari liliserereka na kugonga ukuta wa ghala. Dereva alitoka na michubuko. Muuguzi alivunjika mfupa wa bega. Alikuwa ameutafuta mkanda wa kiti tangu alipopanda. Mahali pa kuufungia palikuwa chini ya ngozi nyekundu.

“Nilimfuata hospitali,” anasema Mama Sponji, na wembe unatulia mkononi. “Akaniuliza, mama, kwani mkanda mliuficha wapi? Mimi ndiye mke, mimi ndiye mshona viti.”

Matibabu ya muuguzi yalilipwa, kwani sehemu ya bima inayowalinda abiria ilikuwa ya lazima. Fidia ya gari lenyewe ikakataliwa, ingawa walikuwa na bima kubwa, ile inayolipia hata gari la mteja. Mkadiriaji hasara wa kampuni ya bima alilizunguka mara moja, akawaita wote wawili.

“Haya mabadiliko mlitutaarifu?” aliuliza.

Mume alikiri kwamba hawakutaarifu.

“Sisi tulikatia bima gari jingine,” mkadiriaji alisema. “Lilikuwa na springi nzima na matairi ya saizi yake. Hili mlilogonga nalo hatulifahamu.”

Aliwaeleza kwamba rimu si dhambi. Mteja akieleza anachotaka kubadilisha kabla hajakibadilisha, kampuni hulituma gari likaguliwe, na huenda akaongezewa malipo kidogo au akakataliwa. Anayenyamaza hujibebea hasara yake. Kituo cha ukaguzi nacho kikaliondoa gari barabarani mpaka springi, matairi, ekzosi, vioo na viti virudi katika hali inayokubalika.

“Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti,” Mama Sponji anasema. “Na mimi niliyejua kwamba kiti bila mkanda ni kochi tu, sikukikagua. Sikutaka hata kukikalia. Wivu ulinifumba macho.”

Habari zilipofika ng'ambo ya mji, Dada Uzi alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na kikapu, akakataa kuketi.

“Dada, nilimwambia shemeji nitoboe nafasi ya mkanda,” alisema. “Akasema itaharibu sura. Nilipaswa kugoma, kama wewe ulivyogoma. Nipe kiti nikifumue bure.”

“Acha,” Mama Sponji alimjibu. “Nitakifumua mwenyewe.”

Anakiri kwamba haikuwa hasira tena. Alitaka kujua mshono ule ulijengwaje. Sasa, kila anapotoa uzi, anachora kwenye kipande cha boksi namna sindano ilivyopita.

“Bado namwonea wivu?” anarudia swali letu, kisha anacheka. “Sana! Mashine ile ya sindano mbili naiota. Lakini nimemtumia salamu kwamba nitakwenda kwake nikajifunze. Amenijibu nije na ngozi yangu, yeye hana ya kuchezea.”

Springi mpya zimeshafungwa, ekzosi imenyamaza. Rimu ziliuzwa, na fedha zikaingia kwenye kunyoosha bodi. Mumewe humpa mwenye gari analoendesha kwa sasa nusu ya anachopata kila siku, na jioni hupita karakanani kushikilia kiti wakati mkewe anakivalisha ngozi. Wanaongea, wakati mwingine mpaka chakula kinapoa.

Mpango wao ni gari lipite ukaguzi mwezi ujao, kisha waende pamoja kukata bima upya, wakiwa wameorodhesha kila kitu, hata vitambaa vya viti. Mama Sponji ana sharti moja, na mumewe amelikubali bila kucheka.

“Kadi ya zamani ya bima ilikuwa na jina lake peke yake,” anasema akifunua cherehani. “Safari hii watakapouliza mmiliki ni nani, nataka nijibu mimi.”

“Jina lako liwe la pili?” tunamuuliza.

Anatunga uzi mweusi kwenye sindano, anaubana kwa meno.

“La kwanza,” anasema, na kukanyaga pedali.