Manyoya ya Pirinsi

Harufu ya mbwa aliyelowa, ikichanganyika na harufu ya sabuni, hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi, hapa Mwembesongo, Morogoro mjini, mjukuu wangu alimfunga mbwa wake kwenye mlimao, akammwagia maji ya bomba na kumpaka povu kuanzia masikioni hadi mkiani, huku akimwimbia. Mimi nilikuwa ndani napepeta mchele. Harufu ile ilipoingia dirishani niliutupa ungo, nikatoka na kumfokea kijana wa watu mpaka majirani wakachungulia. Akadhani nakasirikia najisi. "Bibi, nitanawa," akaniambia, "na udongo nimeshauweka pale." Maskini, hakuwa na kosa lolote. Nilirudi ndani nikaanza kuokota mchele punje kwa punje, na ndipo nilipoamua kuwasimulia ninyi, maana yeye nilishindwa kumweleza.

Enzi za Mjerumani nilikuwa mtoto wa kike ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Tulikaa mlimani, juu ya mji wa Morogoro, kwenye nyumba ya bibi mzaa mama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo baba ndiye aliyehamia kwa wakwe zake, akaishi nao kwa adabu zote za mkwe. Kila alfajiri alishuka bondeni kwenda kwa Mjerumani mmoja mwenye shamba la mpira. Alimfagilia nyumba, akampigia pasi, akamtunzia mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Pirinsi. Alikuwa na masikio ya kuning'inia na manyoya marefu ya rangi ya asali, marefu kiasi kwamba alipolala hukujua kichwa ni kipi. Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba jina lile maana yake ni mwana wa mfalme. Sikushangaa hata kidogo.

Masika moja Bwana, yule Mjerumani, alitaka kupanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, na Pirinsi alikuwa amezidiwa na joto la bondeni, anahema tu kutwa. Ikaamuliwa apelekwe kwetu, kwenye baridi ya mlimani. Alikuja na mizigo yake: brashi, kitana cha chuma, taulo jeupe, na bati lenye vipande vya sabuni vilivyofungwa kwenye karatasi. Sisi watoto tuliogeshwa mtoni kwa dodoki, na sabuni tuliiona sikukuu. Niliinusa ile karatasi mpaka mama akaninyang'anya. Kila kitu kilikuwa na amri yake. Mbwa achanwe asubuhi, aoshwe jioni, akaushwe kwa taulo asije akapata mafua. Na kabla ya kuondoka Bwana alimwambia baba maneno ambayo baba aliyarudia kwetu usiku ule akiwa hatazami mtu.

"Amesema akirudi akamkuta na kupe, hata mmoja, ni hamsa ishirini."

Wazee wenzangu hamsa ishirini mnaijua. Kwa wengine niseme tu kwamba ni viboko ishirini na vitano, na kwamba yalikuwa maneno ya kawaida kabisa siku zile, mtu aliyasema kama anavyoagiza chai.

Basi nyumba nzima tukawa watumishi wa mbwa. Asubuhi baba alimchana juani, manyoya yakiruka uani hata kuku wakayafuata wakidhani ni kitu cha kuliwa. Jioni alimwosha. Baba alikuwa mtu wa sala, na mnajua sheria yetu: ukishika mbwa aliyelowa, au akikulamba, huna budi kujiosha mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Bibi alitenga chungu cha udongo safi pembeni mwa ua kwa kazi hiyo tu. Kila jioni, jua likizama, nilimwona baba amechutama pale akisugua mikono yake kwa udongo, anasuuza, anasuuza tena, mpaka vidole vikapasuka. Maji ya kumwoshea mbwa na maji ya kumwoshea baba baada ya mbwa tuliyateka mimi na mama, tukipanda nayo mteremko unaoteleza. Nilimchukia Pirinsi kwa moyo wangu wote. Yeye alinipenda, ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini mlima una nyasi, na nyasi za masika zina kupe. Pirinsi alipata nafuu, akaanza kutoroka. Alirudi amebeba kishonanguo mwili mzima, manyoya yamesokotana, na ndani ya ule msokoto kupe wamejichimbia. Mama na baba walimlaza kwenye mkeka uliochakaa, wakampapasa sehemu kwa sehemu. Kupe waliowapata waliwatia mafuta ya nyonyo ili waachie, wakawachoma motoni, nasi watoto tukasikiliza wakipasuka. Ukimtoa mmoja, kidole kinagusa mwingine. Kitana cha Bwana kilikatika meno.

Zikaja habari kutoka bondeni kwamba Bwana anarudi kesho. Mama alimpapasa mbwa mara nyingine, akakuta kupe nyuma ya sikio, wa pili chini ya kwapa, akaanza kulia kimya kimya huku akiendelea kutafuta. Baba alikaa kizingitini. Ndipo bibi akatoka ndani na wembe wake.

Bibi ndiye aliyekuwa mnyoaji wa kijiji chetu. Mtoto mchanga akitimiza siku zake hunyolewa, aliyefiwa hunyolewa, mwenye chawa hunyolewa, na vichwa vyote hivyo vilipita mikononi mwake. Kwake yeye kunyoa kulikuwa ni kutunza, na aliyenyolewa vizuri ni mtu aliyependwa na watu wake.

"Mwambie mumeo," akamwambia mama, kwa sababu mkwe hakusemeshwa ovyo, "kupe hakai penye upara. Huyo bwana kasema hataki kupe. Hakusema anataka manyoya."

Mama alimtazama baba. Baba akaenda akamshika Pirinsi mdomo.

Nakiri kwamba tulicheka. Bibi alimnyoa kwa upole uleule wa kichanga, akimbembeleza, "Tulia baba, tulia, tunamaliza." Chini ya manyoya yale yote kulikuwa na kimbwa chembamba, cha rangi ya waridi, chenye aibu. Akamwachia denge, kishungi cha nywele utosini, kama tulivyoachiwa sisi watoto, kwa urembo. Kila kupe sasa alionekana, akatolewa. Walimwosha kwa kipande cha mwisho cha sabuni, wakampaka mafuta, akang'aa. Usiku ule baba alikula ugali wake wote.

Asubuhi tulishuka. Baba alimwongoza mbwa, mimi nikabeba kikapu chenye brashi, kitana, na taulo ambalo mama alikuwa amelifua. Nilijivuna. Nilidhani tutapewa hata kipande cha sukari.

Bwana alikuwa barazani, bado na vumbi la safari. Alimtazama Pirinsi, na kwanza hakumtambua. Alipomtambua uso ulimwiva. Baba akasema kwa adabu, "Hana kupe, bwana. Hata mmoja. Tazama mwenyewe." Na ilikuwa kweli! Ile ndiyo iliyokuwa amri, nayo imetimizwa mpaka kwenye kucha za mbwa. Lakini Bwana hakuinama kutafuta kupe. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo kusema ni bibi, kwa maana niliona fahari. Baba aliniwahi.

"Mimi, bwana."

Aliitwa nyapara wa shamba, mtu wa kwetu huyuhuyu, aliyekula harusi ya baba na mama. Alikuja na kiboko. Baba alilazwa kifudifudi juu ya pipa palepale uani, mbele ya wafanyakazi waliositishwa kazi zao ili watazame. Sitawaeleza sauti ile. Niseme tu kwamba nilikiangusha kikapu, taulo likaingia tope, na kwamba Bwana aliliona lile taulo akanikunjia uso. Mtu anapigwa mbele yake, na yeye anaona taulo! Wengine husema zamani zile ndivyo zilivyokuwa, tusahau. Wasahau wao.

Walipomaliza walimwamuru aseme ahsante, akasema. Akabaki amelala pale kwa sababu hakuweza kuinuka. Wafanyakazi walitazama miguu yao. Nyapara alikuwa anafuta kiboko. Aliyetoka kundini alikuwa ni Pirinsi, na upara wake na denge lake. Alimwendea baba, akamlamba mgongo. Bwana alimwita kwa jina, kwa lugha yao, akamwita tena kwa ukali. Hakwenda. Alilamba taratibu mstari mmoja mmoja, mpaka akaja mtu kumvuta kwa mnyororo.

Nilimkasirikia yule mbwa kupita kiasi. Niliwaza sala ya baba. Niliwaza mara saba, na udongo, kwenye ngozi iliyofunguka vile.

Jinsi tulivyopanda mlima sikumbuki vizuri. Nakumbuka nyumbani baba amelala kwa tumbo, mama akimkanda kwa maji ya uvuguvugu, nami nikaropoka kwamba Pirinsi amemlamba. Mama alisimamisha mkono. Bibi aliyenisikia akaenda kwenye chungu chake, akachota udongo kwenye kifuu, akaja akauweka mlangoni akiwa ameugeuza uso, maana mkwe hamwoni mkwe mgongo wazi. Wembe ule tayari alikuwa ameshautupa chooni.

Baba alisema, kwa sauti ndogo, "Mwambie mama aurudishe udongo wake. Mbwa hakuninajisi."

Nilidhani ameshindwa na maumivu tu. Nilidhani pia kwamba amelegea dini, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinikera. Manyoya ya Pirinsi yaliota yote kabla ya vuli, marefu kuliko ya kwanza. Baba aliendelea kumchana kila asubuhi, kwani angekwenda wapi, na jioni aliendelea kusugua vidole kwa udongo kama sheria inavyotaka. Mgongo hakuuosha hivyo kamwe.

Alipozeeka akashindwa kujiogesha, mama ameshatangulia na wana wa kiume hana, kazi ile ikawa yangu. Mara ya kwanza nilipomvua shati niliiona ile michoro ya kiboko, imetuna bado, na sabuni ikanikwama mkononi. Nikawa nazunguka zunguka mabegani, naogopa kushuka. Akanisikia nasita.

"Sugua tu, mwanangu," akasema. "Hapo alipolamba yule mbwa hapajawahi kuniuma."

Hapo ndipo nilipoelewa lile alilomwambia bibi kuhusu udongo. Katika ua ule mzima wa Bwana uchafu ulikuwepo, na baba alijua umesimama wapi, umevaa viatu gani. Nilimsugua huku nalia kwa ghadhabu, mtu mzima mimi, povu likinifika viwikoni.

Mjukuu wangu na aoshe mbwa wake apendavyo, nitamwambia hivyo leo akirudi. Hasira yangu si ya mbwa. Ninayo tangu siku ile uani, ina mwenyewe, na sina nia ya kuipoza.