Babu Aliyeitwa Mreno

Harufu ya papai bichi likikatwa, ule utomvu wake mweupe, mpaka leo hunitoa jikoni. Wajukuu hucheka: "Bibi, papai tu hilo!" Papai tu! Papai hilo nusura limtoe mamangu kwake. Ngojeni niwaeleze, na mniwie radhi, maana mimi nikianza kusema sikomi.

Kwetu Msambweni, enzi hizo Mzungu bado anatawala, babu mzaa baba alikuwa mzee wa mtaa. Kabla ya hapo alikuwa tarishi mahakamani Kwale, akipeleka barua kwa miguu, na karani wa kule kilimani alikuwa Mgoa mmoja, wa Goa iliyokuwa chini ya Wareno, mpenda maneno kama mimi. Mgoa akimpigia babu hadithi za Ureno. Iliyomkaa babu moyoni ni ya waziri wa zamani wa huko, bwana wa sheria, aliyeona watu wananyongwa akasema basi, kamba iondoke, na mtu asihukumiwe ila kwa ushahidi. "Wenzake walimnunia," babu alikuwa akituambia, "lakini kamba ikaondoka." Jina la waziri lilimshinda ulimi, akawa anamwita Bwana Sheria tu.

Ikaja harusi ya shangazi yangu. Chumba kimejaa wanawake, udi, asumini, vigelegele, na humo humo kipini cha biarusi kikapotea, cha dhahabu, cha puani. Walioingia na kutoka ni wanne, mamangu mmoja wao, naye ni mtu wa kuja, wa Mkongani, hana ndugu pale, na baba yuko kazini Mombasa. Macho yote kwake. Bibi, mkewe babu, ndiye mama wa biarusi, akatoa amri: Ijumaa mganga atasomea papai bichi, kila mmoja ale kipande, mwizi atavimba mdomo. Atakayevimba arudi kwao. Ndivyo kiapo kilivyokuwa, na watu wakikiogopa kuliko jela.

Sasa sikilizeni balaa. Siku ya tatu jino la mama likaanza. Shavu likafura kama andazi! Akajifunga leso usoni, akatafuna karafuu, wapi. Anafagia ua uliokwisha kufagiwa, anachota maji mtungi umejaa. Na mimi nyuma yake, natoka naingia, natoka naingia, mpaka bibi akaniuliza, "We mtoto, una siafu?" Siri ya mtungi aijuaye kata. Kipini nilikichukua mimi. Mwanasesere wangu wa matambara naye alikuwa anaolewa siku ile, na biarusi gani hana kipini? Nikasema nitakirudisha, kelele zikaanza, nikaogopa. Nilijua nikisema nitalishwa papai, na mdomo wangu utapasuka.

Ijumaa baada ya swala, baraza ya babu ikajaa. Mganga akatia kisu, utomvu ukachuruzika. Bibi akamnyoshea mama kidole: "Mtazameni shavu! Huyu kavimba hata hajala!" Watu wakacheka. Mama anatazama mkeka. Babu akainuka, akalichukua papai lote, akamtupia mbuzi uani.

"Papai si shahidi," akasema. "Mwenye kudai alete shahidi. Nani alimwona?"

"Mume wangu, wavunja mila kwa ajili ya mkaza mwana?"

"Naivunja. Mtu ana jino, nyinyi mwasema mwizi?"

Mzee mmoja akadakia: "Haya, Mreno! Babu zao walituchomea miji, leo watuletea sheria zao!" Wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Babu hakucheka. Akaanza kuuliza mmoja mmoja, taratibu: siulizi nani kaiba, nauliza mara ya mwisho ulikiona wapi. Akanifikia mimi. "Na wewe mama, ulikuwamo chumbani. Ulikiona wapi?" Nikamtazama mbuzi. Analitafuna papai, na mdomo wake ni ule ule. Hofu ikanitoka. "Anacho mwanasesere, babu."

Wallahi nilichapwa! Mama ndiye aliyenichapa, na shavu lake hilo, analia anacheka. Bibi hakuomba radhi, lakini jioni alimletea uji wa mchele, akaukoroga upoe. Wazee hawakusamehe. Haukupita muda wakampa mwengine uzee wa mtaa, na babu amekufa akiitwa Mreno, na pwani yetu hii hilo si jina la sifa.

Leo kuna chifu, kuna mahakama, kila mtu ana simu. Lakini juzi kijana wa jirani kafiwa na ng'ombe, akapita hapa, akatazama mvi zangu na macho yangu mekundu ya moshi kama atazamaye mchawi, asinipe hata shikamoo. Nikamwita, "Njoo uketi, mwanangu. Nani aliniona?" Akaenda zake. Wajukuu wanadhani nafuga mbuzi kwa ajili ya maziwa. Namfuga kwa ajili ya babu. Ila papai mbuzi hula. Siku hizi vijana wanawajia wazee usiku na kiberiti, na kiberiti mbuzi hali. Kwa hiyo kila apitaye mlangoni namwita, namkalisha, namuuliza, nasema mpaka achoke. Mwasema bibi huyu ana maneno mengi. Nisiwe nayo?